Mkataba wa Usalama kati ya Marekani na Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Korea Kaskazini inaporusha kombora, kila meli za China zinapokaribia visiwa vinavyogombewa, taarifa ya habari hutaja "mkataba wa usalama" wa Marekani na Japani kana kwamba kila msikilizaji anaujua. Wengi hawaujui, na si kosa lao. Hapa tumekusanya maswali ambayo wasomaji huuliza zaidi.

Mkataba huu ni upi hasa?

Ni makubaliano yaliyotiwa saini Washington tarehe 19 Januari 1960, yakaanza kutumika tarehe 23 Juni mwaka huohuo. Yana ibara kumi tu, na ukikaa kuyasoma huchukui hata robo saa. Kabla yake kulikuwa na mkataba mwingine wa mwaka 1951, ambao huu wa 1960 uliufuta na kuchukua nafasi yake. Watu wengi huchanganya miwili hii, na hapo ndipo mabishano mengi yasiyo na msingi huanzia. Kwa ufupi kabisa: Marekani inaahidi kusaidia kuilinda Japani, na Japani inaipa Marekani ardhi ya kuweka kambi zake za kijeshi.

Ilikuwaje maadui wakubwa namna ile wakapatana upesi hivyo?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor na kuua Wamarekani zaidi ya 2,400. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo, wakafa watu wanaokadiriwa kufika 100,000 kwa usiku mmoja. Kisha Hiroshima tarehe 6 Agosti, Nagasaki tarehe 9. Tarehe 2 Septemba wajumbe wa Japani wakatia saini hati ya kusalimu amri ndani ya manowari ya Marekani, Missouri, iliyokuwa imetia nanga katika Ghuba ya Tokyo.

Miaka sita baadaye, nchi hizohizo zikaketi meza moja. Upendo haukuhusika sana. Japani ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi ulioongozwa na Jenerali Douglas MacArthur, na ilikuwa na katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947, ambayo Ibara yake ya 9 inakataa vita na inakataza kuwa na majeshi ya vita. Halafu mwezi Juni 1950 vita vikalipuka Korea, ng'ambo ya mlango wa bahari. Askari wa Marekani waliokuwa Japani wakapelekwa Korea, na ghafla Washington ikaona kwamba bila bandari na viwanja vya ndege vya Japani isingeweza kupigana upande ule wa dunia. Upande wa pili, Waziri Mkuu Shigeru Yoshida alitaka jambo moja kuliko yote: nchi yake iachiwe huru, ijijenge upya kiuchumi, na isipoteze fedha kwa kuunda jeshi kubwa.

Biashara ilikuwa hiyo. Japani ingepata uhuru wake, na Marekani ingebaki na kambi. Maoni yangu ni kwamba mtu akiusahau mwanzo huu, hataelewa kwa nini hadi leo Wajapani wengi wanaukubali mkataba bila kuufurahia.

Kwa nini inasemwa Yoshida alitia saini peke yake?

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 8 Septemba 1951, katika jumba la opera la San Francisco, Japani na mataifa 48 yalitia saini mkataba wa amani. Urusi ya Kisovieti, Poland na Czechoslovakia zilihudhuria lakini zikakataa kutia saini. China haikualikwa, si ya Beijing wala ya Taipei. Kwa upande wa Japani walitia saini wajumbe sita.

Alasiri ya siku hiyohiyo, bila sherehe kubwa, shughuli ilihamia Presidio, kambi ya jeshi mjini humohumo, kwenye klabu ya askari wa vyeo vya chini. Huko ndiko mkataba wa usalama ulikotiwa saini. Marekani iliweka saini nne: Waziri wa Mambo ya Nje Dean Acheson, John Foster Dulles aliyeongoza mazungumzo, na maseneta wawili. Japani iliweka moja tu, ya Yoshida. Alijua kwamba karatasi ile haitapendwa nyumbani, akaamua lawama zimwangukie yeye, si wenzake waliokuwa na safari ndefu ya siasa mbele yao. Mmoja wao, Hayato Ikeda, alikuja kuwa waziri mkuu mwaka 1960.

Mkataba wa 1951 ulikuwa na kasoro gani?

Nyingi, na zote ziliegemea upande mmoja. Marekani iliruhusiwa kuweka majeshi Japani na katika maeneo yanayoizunguka, lakini hapakuwa na neno lililoilazimisha kuilinda Japani ikishambuliwa. Majeshi hayo yangeweza hata kutumika kuzima ghasia za ndani ya Japani endapo serikali ya Tokyo ingeomba. Japani haikuruhusiwa kuipa nchi nyingine kambi bila idhini ya Marekani. Na mkataba haukuwa na mwisho uliotajwa. Nchi iliyokuwa inarudishiwa uhuru wake ilipewa uhuru wenye kamba mguuni, na hilo Wajapani wa kulia na wa kushoto waliliona sawasawa.

Kama mkataba wa 1960 ulikuwa bora, mbona watu waliupinga kwa nguvu kiasi kile?

Swali zuri, maana kwa maandishi ulikuwa bora kweli. Kifungu cha kuzima ghasia kilifutwa, ahadi ya ulinzi iliandikwa waziwazi, na muda ukawekwa. Lakini watu hawakuwa wanasoma ibara peke yake. Walikuwa wameishi na kambi chini ya mkataba wa kwanza kwa miaka minane. Katika kijiji cha Sunagawa, karibu na Tokyo, wakulima walikuwa wamepambana na polisi kuzuia mashamba yao yasichukuliwe ili kurefusha uwanja wa ndege wa Tachikawa. Mwezi Machi 1954 wavuvi 23 wa Kijapani walikuwa wamenyeshewa majivu ya bomu la haidrojeni lililojaribiwa na Marekani kisiwani Bikini, na mmoja wao akafa mwezi Septemba. Hofu yao ilikuwa kwamba kambi zitaivuta nchi kwenye vita visivyo vyake.

Halafu kulikuwa na mtu mwenyewe aliyeuleta mkataba bungeni. Waziri Mkuu Nobusuke Kishi alikuwa waziri katika serikali ya Tojo iliyotangaza vita mwaka 1941, na baada ya vita alifungwa katika gereza la Sugamo akishukiwa uhalifu wa kivita, akaachiwa mwaka 1948 bila kufikishwa mahakamani. Kwa waliopoteza ndugu, kumwona mtu huyo akiahidi usalama lilikuwa jambo gumu kumeza.

Kilichowasha moto ni usiku wa tarehe 19 Mei 1960. Wabunge wa chama cha Kisoshalisti waliketi sakafuni kumzuia Spika asifike kwenye kiti chake. Polisi wakaitwa ndani ya bunge, wakawabeba wabunge mmojammoja na kuwatoa nje. Baada ya saa sita usiku, wapinzani wakiwa nje na hata baadhi ya wabunge wa chama tawala wakiwa hawapo, mkataba ukapitishwa kwa dakika chache. Tangu usiku ule hoja ilibadilika: watu ambao hawakuwa na habari na mambo ya kambi wakatoka kuitetea demokrasia yao, iliyokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu.

Mwezi Juni ulikuwa wa migomo na maandamano nchi nzima. Tarehe 10, msemaji wa Rais Eisenhower, James Hagerty, alizingirwa na waandamanaji karibu na uwanja wa ndege wa Haneda. Gari lake likatikiswa, watu wakapanda juu ya paa, hadi helikopta ya wanamaji wa Marekani ilipokuja kumwokoa. Tarehe 15 wanafunzi walivunja lango na kuingia uwanja wa bunge, na katika purukushani na polisi akafa Michiko Kanba, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwenye umri wa miaka 22. Safari ya Eisenhower nchini Japani ikafutwa. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Juni, maelfu wakiwa wamelizunguka bunge, mkataba ulijiridhia wenyewe kwa mujibu wa katiba, bila baraza la juu kuupigia kura, kwa kuwa siku thelathini zilikuwa zimepita. Kishi alitangaza kujiuzulu siku nchi hizo mbili zilipobadilishana hati za kuridhia mkataba.

Aliyemfuata, Ikeda, aliyaacha mabishano ya kijeshi pembeni, akawaahidi wananchi kuongeza pato la taifa mara mbili ndani ya miaka kumi. Uchumi ulipopaa, hasira zilipoa, ingawa hazikuisha.

Ibara zipi ndizo za kuzijua?

Tatu. Ibara ya 5 inasema shambulio la silaha dhidi ya upande wowote, katika maeneo yaliyo chini ya utawala wa Japani, ni hatari kwa wote wawili, na kila mmoja atachukua hatua kwa kufuata katiba yake. Ibara ya 6 inairuhusu Marekani kutumia ardhi na vituo nchini Japani kwa usalama wa Japani na kwa amani ya Mashariki ya Mbali. Ibara ya 10 inaeleza namna ya kuuvunja; tutaifikia.

Soma tena Ibara ya 5 uone maneno "chini ya utawala wa Japani". Maana yake ni kwamba Hawaii ikishambuliwa, mkataba huu hauilazimishi Japani kupeleka hata askari mmoja. Hili ndilo linalomkera Rais Donald Trump, ambaye amelalamika hadharani zaidi ya mara moja kwamba mkataba umeegemea upande mmoja. Jibu la Wajapani ni kuonyesha Ibara ya 6: Marekani isingepata kwingine kambi kama hizo, karibu kiasi hicho na China, Urusi na Korea.

Si inasemwa Japani haina jeshi?

Ina Vikosi vya Kujilinda, vilivyoundwa mwaka 1954 kutoka kwenye polisi wa akiba wa mwaka 1950. Kwa miongo mingi matumizi yake yalizunguka asilimia 1 ya pato la taifa. Mwezi Desemba 2022 serikali iliamua kupandisha matumizi ya ulinzi hadi asilimia 2 kufikia mwaka 2027. Na tangu sheria za mwaka 2015 zilizosukumwa na Shinzo Abe, mjukuu wa Kishi, Japani inaweza kumsaidia mshirika aliyeshambuliwa ikiwa shambulio hilo linatishia uhai wa Japani yenyewe. Mahakama ya Juu ya nchi, katika kesi iliyotokana na vurugu za Sunagawa, iliamua Desemba 1959 kwamba kuwapo kwa majeshi ya Marekani hakuvunji Ibara ya 9.

Kwa nini Okinawa hutajwa kila mkataba huu unapozungumzwa?

Kwa sababu Okinawa ndiyo inayoubeba. Mkoa huu wa visiwa una asilimia 0.6 tu ya ardhi yote ya Japani, lakini una takriban asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Marekani peke yake.

Historia yake ni ya kuumiza. Kati ya Aprili na Juni 1945 kulipiganwa huko vita vikubwa vya nchi kavu ambavyo viliua sehemu kubwa ya raia. Inakadiriwa mmoja kati ya wanne. Pale Mabuni, kusini mwa kisiwa, kuna kuta za mawe meusi zenye majina zaidi ya 240,000 ya waliokufa: wenyeji, askari wa Japani, Wamarekani, Wakorea, bila kubaguliwa. Japani ilipopata uhuru wake mwaka 1952, Okinawa iliachwa nje. Ilibaki mikononi mwa jeshi la Marekani miaka mingine ishirini. Mashamba yalichukuliwa kwa mtutu na tingatinga, watu walitumia dola, magari yalipita upande wa kulia wa barabara, na mwenyeji aliyetaka kwenda Tokyo alihitaji hati ya kusafiria. Ilirudishwa Japani tarehe 15 Mei 1972, lakini kambi zilibaki. Magari yenyewe yalihamia upande wa kushoto tarehe 30 Julai 1978.

Mwaka 1995 wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumbaka msichana wa miaka 12. Watu wapatao 85,000 walikusanyika Ginowan kupinga. Mwaka uliofuata serikali mbili zikakubaliana kuifunga kambi ya Futenma, uwanja wa ndege ulio katikati ya mji huo, ukipakana na nyumba na shule. Sharti lilikuwa kwamba kambi mbadala ijengwe, na mahali palipochaguliwa ni Henoko, palepale Okinawa, kwa kufukia bahari yenye matumbawe. Agosti 2004 helikopta ya kijeshi ikaanguka kwenye chuo kikuu kinachopakana na Futenma. Wanajeshi wa Marekani wakaziba eneo na kuwazuia hata polisi wa Japani. Februari 2019 wenyeji walipiga kura ya maoni, na karibu asilimia 72 ya waliopiga walikataa Henoko. Ujenzi uliendelea. Gavana Denny Tamaki, ambaye baba yake alikuwa mwanajeshi wa Marekani, alipokataa kuidhinisha mabadiliko ya mradi, serikali kuu iliyaidhinisha yenyewe badala yake Desemba 2023.

Naamini mkataba huu umesaidia kuiweka Japani mbali na vita. Lakini nchi inayofaidika yote huku mzigo ukibebwa na mkoa mmoja uliokwisha kuteseka kuliko mingine haijatenda haki, na hakuna hoja ya kijeshi niliyoisoma inayolifuta hilo.

Askari wa Marekani akifanya kosa Japani, anashtakiwa wapi?

Inategemea alikuwa wapi na akifanya nini. Makubaliano ya hadhi ya majeshi, yaliyotiwa saini siku moja na mkataba wa 1960, yanasema kosa lililotendwa kazini Marekani ndiyo yenye haki ya kwanza ya kulishtaki. Lililotendwa nje ya kazi ni la Japani. Tatizo lilikuwa kwamba mtuhumiwa aliye ndani ya kambi angeweza kubaki mikononi mwa Wamarekani hadi afunguliwe mashtaka. Baada ya tukio la 1995 Marekani ilikubali kufikiria kwa moyo mwema maombi ya kumkabidhi mapema mtuhumiwa wa mauaji au ubakaji. Ni ahadi ya hiari; maandishi yenyewe hayakuguswa.

Nani analipia kambi?

Wote wawili. Marekani inalipa mishahara ya wanajeshi wake na silaha zake. Japani inatoa ardhi, na tangu mwaka 1978 imekuwa ikichangia pia gharama za wafanyakazi wa Kijapani kambini, na baadaye umeme, maji na majengo. Makubaliano ya mwaka 2022 hadi 2026 yaliweka mchango huo kwenye wastani wa takriban yen bilioni 211 kwa mwaka. Wanajeshi wa Marekani walioko Japani ni zaidi ya 50,000. Makao yao makuu yako Yokota, magharibi mwa Tokyo, na bandari ya Yokosuka ndiyo nyumbani kwa Kikosi cha Saba cha wanamaji na meli yake ya kubebea ndege.

Vipi kuhusu silaha za nyuklia?

Mwaka 1967 Waziri Mkuu Eisaku Sato alitangaza misingi mitatu: Japani haitamiliki, haitatengeneza, wala haitaruhusu silaha hizo kuingizwa nchini. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini uchunguzi uliotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani mwaka 2010 ulithibitisha kwamba kulikuwa na maelewano ya siri, ambayo wananchi walikanushiwa kwa miongo, yaliyoachia nafasi meli za Marekani zenye silaha za nyuklia kupita bandarini. Kwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki, huo ulikuwa usaliti, na sioni neno jingine la kuuita.

Visiwa vya Senkaku vimo?

Ndiyo. Viko chini ya utawala wa Japani, na China inavidai ikiviita Diaoyu. Aprili 2014 Barack Obama, akiwa Tokyo, alisema wazi kwamba Ibara ya 5 inavihusu. Marekani haisemi visiwa ni mali ya nani. Inasema tu nani anavitawala kwa sasa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunahusika vipi?

Kuliko wengi wanavyodhani. Askari wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walipigana na Wajapani Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw wakati wa masika ya mvua za huko, kwenye tope na malaria, ikafika Kalewa kando ya Mto Chindwin mwezi Desemba 1944. Tarehe 12 Februari mwaka huo, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi. Vita vyao vilifungwa kisheria na mkataba ule wa amani wa San Francisco, ambao Uingereza iliutia saini bila wao kuulizwa. Ethiopia, Misri, Liberia na Afrika Kusini zilijitilia saini zenyewe.

Leo Japani ina kituo cha kijeshi Djibouti, kilichofunguliwa mwaka 2011 kupambana na maharamia waliokuwa wakitishia meli zinazokuja Mombasa na Dar es Salaam. Kabla hawajajenga chao, Wajapani walikuwa wakitumia kambi ya Marekani iliyo jirani hapohapo.

Mkataba unaweza kuvunjwa?

Kwa urahisi wa kushangaza. Ibara ya 10 inasema baada ya miaka kumi upande wowote unaweza kutoa notisi, na mkataba unakwisha mwaka mmoja baadaye. Miaka kumi ilitimia Juni 1970. Kulikuwa na maandamano makubwa tena, lakini serikali ya Sato ikauacha uendelee wenyewe, na tangu hapo notisi haijatolewa. Chama cha Kikomunisti cha Japani kinataka itolewe, vyama vikubwa havitaki, na kwa jinsi China na Korea Kaskazini zilivyo, siitarajii.

Kinachoweza kubadilishwa bila kuuvunja ni yale makubaliano ya hadhi ya majeshi. Hayajarekebishwa hata mara moja tangu mwaka 1960, wakati Ujerumani iliyarekebisha ya kwake na washirika wake wa NATO, marekebisho ya mwisho makubwa yakiwa ya mwaka 1993. Magavana wa Okinawa wamekuwa wakiiomba Tokyo ifungue mazungumzo hayo na Washington, na ombi hilo bado liko mezani.